Shabaha ya Kulala Chali

Mwaka aliotimiza miaka hamsini na minane, mikono ya Nedra Pruitt iliacha kumsikia. Akishika kikombe, kahawa ilimwagika kwenye sahani. Akifunga vifungo vya koti, vidole vilicheza kama vya mtu aliyetoka kwenye maji ya barafu. Daktari wa mjini alimwambia si ugonjwa wa kumuua, ni mtetemo wa kurithi, na kweli mama yake alikuwa nao. Lakini dukani watu walianza kumsogelea karibu mno wanapomsalimia, na alijua wanamnusa pumzi waone kama amekunywa. Hilo ndilo lililomchoma.

Tangu mumewe afariki, Nedra aliishi na kaka yake Clell kwenye ranchi ya wazazi wao, kusini mwa Idaho, mahali ambapo jirani wa karibu ni mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Clell alikuwa na miaka sitini na sita, mkavu kama mti wa ua, mchache wa maneno mbele ya wageni na mwingi wa maneno mbele ya dada yake. Jumapili za kiangazi alikwenda kwenye uwanja wa shabaha, ambako wanaume walishindana kuangusha kwa bastola vyuma vilivyokatwa umbo la kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo dume. Kondoo walisimamishwa mbali, mita mia mbili. Wenzake walisimama wima na kunyoosha mikono kama askari wa kwenye picha. Clell yeye alilala chali kwenye vumbi, miguu mbele, akakunja goti moja, akaegemeza mtutu kwenye ubavu wa mguu wake, na kondoo wakaanguka.

"Mikono haipigi risasi," alikuwa akisema. "Mikono ni nyama, na nyama inachoka, inaogopa, inacheza. Mifupa ndiyo inayopiga. Mpe bastola mfupa wa kuegemea, na mfupa uwe umeegemea ardhi, basi ni kama unalenga kutoka juu ya meza."

Kiangazi cha mwaka ule alimshika Nedra na kumfundisha, ati ndiyo dawa yake. Alimfundisha kukaa amejikunja, mgongo kwenye tairi la gari na viwiko ndani ya magoti. Alimfundisha kuvaa mkanda shingoni na kuufunga kwenye mpini wa bastola, halafu kuisukuma mbele mpaka mkanda ukaze kama kamba ya hema. Kisha kulala chali. Kwa hilo la mwisho, alimfunga kwanza kipande cha ngozi ya tandiko kuukuu kwenye muundi, kwa sababu bastola ya silinda ina mwanya mdogo kabla ya mtutu, na risasi ikitoka, moto hutapika pembeni kupitia hapo.

"Bila ngozi hii utapata chapa kama ndama," alimwambia.

Nedra alipiga risasi nane siku ile. Vijana wawili waliokuwa nyuma yake walicheka.

"Tazama, kobe kapinduka!"

"Mwache mama wa watu. Labda jana alichelewa baa."

Nedra aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda kukaa ndani ya gari mpaka mashindano yalipokwisha. Hakurudi tena uwanjani.

*

Yaliyompata yalitokea asubuhi moja ya Aprili iliyofuata. Theluji ya mlimani ilikuwa inayeyuka, na kijito kilichokatiza shamba lao la chini, ambacho wakati wa kiangazi mbwa hukiruka, kilikuwa kimejaa maji ya rangi ya matope, yakikimbia kwa kelele. Daraja la mbao lilikuwa limechukuliwa. Ilibaki boriti moja tu, imelala kutoka ukingo hadi ukingo.

Clell alitaka kuvuka akafungue lango la mfereji upande wa pili kabla maji hayajabomoa tuta. Waliacha pikapu juu ya mteremko, maana chini matope yangeinasa. Clell akavuka juu ya boriti, mikono ameitandaza kama mwewe.

"Ukidondoka sikufuati!" Nedra alimpigia kelele.

"Nikidondoka, kanisubiri huko bondeni, maji yatanileta!" Clell akajibu bila kugeuka.

Alikuwa amepita trela kuukuu la kubebea majani makavu, lililoachwa pale miaka mingi likiwa halina gurudumu moja, pembe hiyo imeegemezwa juu ya gogo la reli lililosimamishwa, Nedra alipoona kitu chekundu kikitoka nyuma ya vichaka.

Alikuwa fahali wa jirani yao Burl Stancil. Walimwita Shemasi kwa ajili ya manyoya meupe yaliyomzunguka shingo kama kola ya kanisani, lakini ushemasi wake uliishia hapo. Mwaka uliopita alimwinua farasi na mpandaji wake. Mafuriko yalikuwa yamelaza ua wa Burl, na Shemasi amejivukia.

"Clell! Nyuma yako!"

Maji yalikula sauti yake. Clell aligeuka amechelewa. Fahali hakutoa hata mlio, aliinamisha kichwa tu akaja, na mwili wa Clell ukapanda juu kama gunia tupu, ukaanguka. Nedra alisikia mlio mwembamba, na ikamchukua muda kujua ni wake mwenyewe. Aliona kaka yake akijiburura kwa viwiko, mguu mmoja ukifuata nyuma kama si wake, mpaka akaingia chini ya trela. Shemasi akafika sekunde mbili baadaye, akaweka paji la uso kwenye bao la trela, akasukuma.

Trela likahama. Gogo la reli likalia.

Nedra alielewa yote kwa mara moja. Gogo likitoka, trela litashuka, na chini yake yuko Clell.

Alikimbia kupanda mteremko. Simu haikuwa na mtandao, na alijua hilo kabla hajaitazama. Nyumbani kulikuwa na mwendo wa dakika arobaini kwa njia ile. Alibonyeza honi kwa mikono yote miwili, akaiachia, akaibonyeza tena. Shemasi aliinua kichwa, akatazama upande wake kama mtu anayesikia redio ya jirani, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Bastola ya Clell ilikuwa chini ya kiti, ndani ya mfuko wake wa ngozi. Mtutu mrefu, matundu sita, risasi tano. Clell hakujaza tundu la sita kamwe, tabia ya wazee ya kuzuia bastola isifyatuke yenyewe. Nedra alitaka kulenga akiwa ameegemea boneti ya gari, lakini kutoka pale juu trela lilimficha fahali, vikabaki kuonekana mgongo tu na mkia. Ilimbidi ashuke mpaka ukingoni. Pale ukingoni hapakuwa na jiwe, wala mti, wala nguzo. Palikuwa na nyasi zilizolala na matope.

Alipiga risasi ya kwanza ardhini amtishe. Shemasi hakujali.

Akasimama, akashika bastola kwa mikono miwili, akainyoosha. Kati yake na fahali zilikuwa hatua kama sitini. Kinundu cha kulengea kilichokuwa mbele ya mtutu kilipita juu ya kichwa cha fahali, kikashuka kwenye bao, kikaenda kwenye giza la chini ya trela alikolala kaka yake, kikarudi. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa maradhi, na sasa hofu imekuja juu yake kama mvua juu ya mafuriko. Akangoja kinundu kipite kichwani, akavuta.

Kipande cha mbao kikaruka kutoka kwenye trela.

"Ned!" Sauti ya Clell ilitoka chini ya trela, imepasuka. "Unamwinda yeye au unaniwinda mimi?"

Nedra akalia kwa sauti, kwa sababu Clell yuko hai.

"Siwezi! Mikono haitulii! Nitakuua!"

"Ukisimama, ndiyo, utaniua! Lala chini!"

"Nini?"

"Lala! Chali! Kama nilivyokufundisha!"

"Navuka nije!"

"Usivuke! Atakumaliza hujafika katikati! Lala chini, mwanamke mbishi wewe! Gogo linatoka!"

Shemasi akasukuma tena, na Nedra aliona kwa macho yake gogo likiinama. Mtu akimwona, alifikiri, atacheka. Wazo lile lilipita kama inzi, akashangaa kuwa kichwa chake bado kina nafasi ya upuuzi kama huo. Akakaa kwenye matope. Akalala. Baridi ikamwingia mgongoni mpaka akakata pumzi. Mteremko ulimwinua kichwa kidogo, akavua kofia akaikunja, akaiweka chini ya kisogo. Miguu ikaelekea kijito. Akakunja goti la kulia, akakanyaga kisigino ndani ya udongo, akaleta bastola kando ya mguu, akaugandamiza mtutu kwenye ubavu wa muundi.

Hapo ndipo alipokumbuka ngozi. Ilikuwa nyumbani, imening'inia kwenye msumari.

"Clell! Sina ngozi!"

Kisha sauti ile, ndogo sasa: "Basi utaungua, dada."

Dunia ilikuwa imebadilika sura. Alikuwa anaiona katikati ya viatu vyake mwenyewe: maji, ukingo, nyasi, trela, na mwisho wake kichwa chekundu chenye paji jeupe. Kinundu cha mbele bado kilicheza, lakini sasa kilicheza kidogo, kama jani lisilo na upepo mwingi. Mfupa ulikuwa umekishika. Moyo wake ndio uliokuwa unakiinua, kila pigo mara moja, na kati ya pigo na pigo palikuwa na utulivu mfupi. Alimngoja Shemasi ageuze kichwa ubavu, apate pale kati ya jicho na sikio. Akavuta nyundo nyuma kwa kidole gumba. Akatoa pumzi nusu.

Mlipuko ulikuja pamoja na maumivu, akashindwa kujua kipi ni kipi. Ni kama mtu amemlazia chuma cha moto kwenye mguu. Suruali ilitoa moshi. Alipiga yowe, na machozi yakamjaa, na kupitia machozi akaona Shemasi ameyumba, damu inamtoka shingoni, chini kidogo ya mahali alipolenga. Hakuanguka.

Aligeuka. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, fahali alimtazama Nedra.

Kuna hofu ya kumhofia mwenzio, na kuna hofu ya nafsi yako, na Nedra alijua papo hapo kuwa hazifanani. Ile ya kwanza ilikuwa imemkimbiza huku na huku. Hii ya pili ilimgandisha. Shemasi alishuka ukingoni kwa kishindo, akaingia majini. Maji yalimfika tumboni, yakamsukuma pembeni, yeye akayasukuma kwa kifua. Hatua arobaini. Hatua thelathini na tano. Alikuwa anakuja moja kwa moja katikati ya viatu vyake.

"Ned! Toka hapo! Kimbia!" Clell alikuwa anapayuka. "Kimbilia gari!"

Nedra alitaka. Kila mshipa mwilini ulikuwa unasema inuka, inuka, lakini miguu haikujibu. Ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyemwazima tu. Alikuwa amelala chali kama mtoto anayebadilishwa nepi, miguu imefunguka mbele ya mnyama mwenye uzito wa gari, na akasikia vuguvugu la mkojo likimtoka kwenye suruali, wala hakuona aibu. Alijisikia akisema maneno, yale yale, "Jamani, jamani, jamani," kwa sauti ndogo.

Bastola bado ilikuwa mkononi. Ili aitulize, ilibidi airudishe pale pale, juu ya kidonda. Akairudisha. Ngozi iliyoungua iligusa chuma, akauma mdomo mpaka akaonja damu. Nyundo ilimshinda mara ya kwanza, kidole kikateleza. Mara ya pili ikakubali. Kinundu cha mbele kikapanda kutoka kwenye maji, kikapita kwenye pua inayotoa povu, kikapanda mpaka kwenye paji jeupe. Moyo ukapiga, kikaruka. Ukatulia, kikatulia. Hatua ishirini. Aliona kope za fahali. Zilikuwa nyeupe, ndefu, kama za mtoto mchanga. Hilo liliendelea kumrudia baadaye kuliko mengine yote.

Akavuta.

Shemasi alikunja miguu ya mbele kana kwamba anapiga magoti kanisani, na kichwa kikazama. Maji yakampindua, ubavu mwekundu ukaonekana, ukazama, ukaonekana tena chini zaidi, mpaka mwili ukanasa kwenye nyaya za ua na kijito kikaanza kumpanda.

*

Hakuinuka upesi. Alilala akitazama mawingu yakipita kama hakuna lililotokea. Mguu ulikuwa unawaka. Alimsikia Clell akiita jina lake, mara ya tatu au ya nne, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni.

"Niko hai," alijibu mwishowe.

"Basi sema, mtu asikie! Unaniua kwa kimya wewe!"

"Gogo limekaaje?"

"Limekaa kama mlevi kwenye ngazi. Usipige chafya."

Alivuka boriti akiwa amekaa, miguu huku na huku, akijisogeza kwa makalio, maji yakimrukia magotini. Bastola aliifunga shingoni kwa mkanda wake wa kiunoni, ikiwa na risasi moja iliyobaki. Upande wa pili alivuta kipande cha mbao za daraja kilichokwama kwenye nyasi, akakishindilia chini ya trela karibu na gogo, kisha akalala kifudifudi na kumshika Clell kwapani. Uso wa kaka yake ulikuwa na rangi ya majivu. Alipomvuta, Clell alipiga kelele moja, akazimia, na Nedra akashukuru, maana sasa angeweza kuvuta bila huruma. Miguu ya Clell ilikuwa imetoka nje kama mita mbili tu, trela lilipoteleza na kushuka kwa kishindo kilichotikisa ardhi. Mbao aliyoiweka ilivunjika kama kijiti.

Nedra alikaa kwenye nyasi na kichwa cha kaka yake mapajani. Alipozinduka, Clell alitazama trela, akatazama mguu wa dada yake ulioungua, akafumba macho.

"Ile ya kwanza ya kulala, ulivuta triga kwa papara," alisema.

"Nyamaza, Clell."

"Ilishuka. Nilikwambia, kidole kiende polepole..."

"Nyamaza kabla sijakurudisha chini ya trela."

Alimfunika kwa makoti yote mawili, akavuka tena, akaendesha mpaka juu ya kilima ambako simu ilipata mtandao. Helikopta ya hospitali ilichukua saa moja na nusu kufika. Alirudi akavuka, na muda wote huo alikaa kando ya Clell, akiwa ameigeukia mandhari yote ya shamba, akikagua kila kichaka kimoja kimoja, bastola mkononi.

*

Clell alitiwa chuma kwenye nyonga, na anatembea na fimbo mpaka leo. Burl Stancil alikuja hospitali na kofia mkononi, akasimama mlangoni bila kujua aanzie wapi, hata Nedra akamwonea huruma akamwambia aketi.

Habari zikaenea. Dukani watu waliacha kumnusa. Mmoja wa wale vijana wa uwanjani alimfuata kwenye maegesho ya magari, akajikunakuna shingo, akamwomba aje Jumapili awaonyeshe namna ya kulala na bastola. Wanakijiji walikuwa wameshatengeneza hadithi yao: mama mwenye mikono ya kutetemeka aliyemkodolea macho fahali na kukataa kuondoka. Mwenye duka alimwita jasiri mbele ya foleni nzima.

Nedra aliwaza sana kama anyamaze au aseme ukweli. Usiku hakuweza tena kulala chali. Kila alipojinyoosha, miguu ilikuwa mbele yake, na kati ya miguu ile kitu kilikuwa kinakuja. Alilala ubavu, amejikunja, taa imewaka, na miaka miwili baadaye bado alilala hivyo hivyo.

"Mama Pruitt," mwenye duka alimuuliza siku ile mbele ya foleni, "ulipata wapi moyo wa kubaki pale?"

Nedra aliweka unga kwenye kaunta kwa mikono miwili ili usimwagike.

"Nilitaka kukimbia," alisema. "Miguu ilikataa tu kuinuka."

Watu walicheka, wakidhani anajishusha. Yeye akachukua mkate wake na unga wake, akatoka kwenda kwenye gari, ambako Clell alikuwa anamsubiri na kulalamika kuwa amechelewa.